Mita, Moto na Swali la Chanzo

Mita ya stima ni mpaka. Nje yake kuna nguzo, nyaya na transfoma za kampuni. Ndani yake kuna swichi, soketi na nyaya za mwenye nyumba. Nchini Kenya mita yenyewe ni mali ya Kenya Power, na wajibu wa kampuni huishia hapo. Kutoka hapo kuingia ndani, wajibu ni wa mwenye nyumba na fundi aliyemwekea nyaya. Kwa hiyo kijisanduku hicho kilichotiwa lakiri kina kazi mbili: kinapima umeme na kinagawa lawama. Nyumba ikiungua usiku, majirani wakakusanyika asubuhi kando ya mabati yaliyojikunja, swali huulizwa kabla majivu hayajapoa: ni stima au ni nini? Na kama mita ilibadilishwa juzijuzi, wengi huwa wamekwisha kujijibu.

Swali hilo huonekana kuwa la mafundi. Lakini ni swali la kale la falsafa, na la dini pia, kwa sababu anayeuliza chanzo cha moto huwa anauliza mambo matatu kwa mpigo: moto ulianzaje, kwa nini uiangukie nyumba hii na si ile ya jirani, na nani aubebe mzigo wa hasara. Kila moja lina njia yake ya kujibiwa. Dhana dhidi ya mita hupata nguvu pale inapoyafunga yote matatu katika jibu moja.

Stima katika Thika na Ruiru

Ruiru, kama Thika, ni mji wa Kaunti ya Kiambu, na ina historia ndefu na umeme. Maporomoko ya mto Ruiru yalitumiwa kuzalisha umeme wa Nairobi mapema katika karne ya 20, na kituo cha Ndula kwenye mto Thika kikafuata katika miaka ya 1920. Umeme huo ulikwenda mjini. Nyumba nyingi zilizokuwa karibu na mito hiyo ziliendelea kuwasha taa za mafuta kwa miongo kadhaa.

Leo hali ni nyingine. Sensa ya mwaka 2019 iliukuta mji wa Ruiru na watu zaidi ya 490,000, na Thika zaidi ya 250,000. Mashamba ya kahawa yamegawanywa ploti, na juu ya ploti hizo zimeota nyumba za kupanga za ghorofa, kuanzia Githurai na Kimbo hadi Kihunguro. Mitaa kama Kiandutu huko Thika ina vyumba vya mabati vilivyobanana, ukuta wa huyu ukiwa ndio ukuta wa yule. Si ajabu mwenye ploti kuwa na mita moja ya kampuni, kisha akawagawia wapangaji umeme kwa mita ndogo alizonunua dukani. Hapo mpaka mmoja huwa mipaka mingi: kampuni hadi mwenye ploti, mwenye ploti hadi mpangaji, na mara nyingine mpangaji hadi jirani aliyemwomba waya wa taa moja.

Mita zenyewe pia zimebadilika. Ile ya zamani ilikuwa na kisahani kilichozunguka nyuma ya kioo; pasi ikichomekwa, mtu alikiona kikikimbia. Mita ya tokeni iliondoa kisahani, ikaleta tarakimu 20 za kubonyeza. Mita janja imeongeza mawasiliano: hutuma kipimo bila msomaji kufika mlangoni, na inaweza kuamriwa kutoka mbali ikate umeme. Jina hilo lenyewe ni la kutazamwa. Katika Kiswahili mjanja husifiwa kwa akili na huogopwa kwa hila. Sungura wa ngano ni yote mawili. Kifaa kilichopewa jina la namna hiyo huingia nyumbani kikiwa kimekwisha kushukiwa nusu.

Mwaka 2024 wateja wa tokeni nchini Kenya walipata kionjo cha shaka ya aina hiyo. Walioenda kununua tokeni waliletewa mistari mitatu ya tarakimu 20 badala ya mmoja, wakatakiwa waiingize yote kwa mpangilio. Sababu ilikuwa hesabu tu. Mfumo wa tokeni unaotumiwa katika nchi nyingi duniani ulikuwa unahesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengewa hesabu hiyo ingeweza kubeba dakika 16,777,216 na si zaidi. Nafasi hiyo ingejaa tarehe 24 Novemba 2024, na mita ambayo haijarekebishwa ingekataa tokeni mpya. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini kwa sikio la kawaida ni ya ajabu kuliko uvumi kwamba kampuni imeongeza kasi ya mita. Vivyo hivyo mwaka 2019, wakati wa usajili wa Huduma Namba, namba mpya ya utambulisho ya kitaifa, baadhi ya waumini walihofia kwamba namba hiyo ni ile 666 ya kitabu cha Ufunuo. Kitu kinachomhesabu mtu bila mtu kukiona ndani huzaa hofu za namna hiyo, na hofu ya moto ni mojawapo.

Moto wa umeme huanzaje

Swali la kwanza, la jinsi, ni la vipimo. Joto katika waya hutokana na mkondo na ukinzani. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Shawa ya umeme ya wati 5,000 kwenye volti 240 huvuta karibu ampea 21. Ikiwa njiani kuna skrubu iliyolegea yenye ukinzani wa sehemu moja tu ya kumi ya omu, joto la wati 43 hivi litazalishwa katika sehemu isiyozidi punje ya hindi. Hilo linakaribia joto la solda ya fundi wa redio, nayo imeegemezwa kwenye plastiki ambayo kwa kawaida imetengenezwa kuhimili nyuzi 70 tu. Plastiki hukauka, hupasuka, shaba huota kutu, ukinzani huongezeka, na joto nalo huongezeka. Hali hiyo inaweza kuendelea kwa miezi. Fyuzi na breka hazishtuki, kwa sababu mkondo wenyewe haujazidi kiwango. Kilichozidi ni joto la mahali pamoja.

Sehemu za namna hiyo ni nyingi katika nyumba za kupanga. Kuna soketi iliyolegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa kila siku. Kuna waya mwembamba wa milimita mraba 1.5, unaofaa taa, uliofungiwa shawa kwa sababu ulikuwa rahisi dukani. Kuna ekstensheni moja inayobeba jiko la koili, pasi na friji. Kuna fyuzi iliyoungua ikabadilishwa kwa kipande cha waya, na hapo mlinzi wa nyumba anakuwa amefukuzwa kazi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sehemu kubwa ya nguo hiyo iko upande wa ndani wa mita.

Hata hivyo upande wa nje nao una makosa yake. Waya wa nyuturo ukikatika kwenye laini ya fezi tatu, nyumba moja inaweza kupata volti chache na nyingine volti zinazokaribia 415. Balbu hupasuka, televisheni huungua, na kitu cha kwanza kushika moto kinaweza kuwa chochote. Stima ikirudi ghafla baada ya kukatika, vifaa vyote vilivyoachwa vimewashwa huvuta kwa pamoja. Haya hayana uhusiano na umri wa mita wala ujanja wake.

Na mita yenyewe je? Inaweza kuungua. Mwaka 2014, katika jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, baada ya visa vinane vya moto kuhusishwa na mita janja, serikali iliamuru kampuni ya umma ya SaskPower iziondoe mita zote 105,000 zilizokwisha kufungwa. Uchunguzi ulitaja unyevu na uchafu ulioingia ndani ya mita miongoni mwa mambo yaliyochangia. Mwaka 2012 kampuni ya PECO ya Philadelphia, Marekani, ilisimamisha kazi ya kufunga mita janja baada ya baadhi kupata joto kupita kiasi, ikabadilisha aina ya mita. Anayesema kwamba mita haiwezi kamwe kuleta moto basi amekosea. Lakini anayevichukua visa hivyo na kuvileta Ruiru vilivyo naye hajamaliza kazi. Mita za Marekani ya Kaskazini huchomekwa kama plagi kwenye kikalio chenye meno, na meno yaliyolegea ndiyo yaliyotajwa mara nyingi kuwa asili ya joto. Mita za Kenya huingiziwa nyaya na kukazwa kwa skrubu. Hatari inafanana, yaani kiungio kilicholegea, ila haikai mahali pale pale, wala haichunguzwi kwa njia ile ile.

Baada ya, na kwa sababu ya

Ushahidi unaotolewa zaidi dhidi ya mita ni wa wakati: ilifungwa Jumatatu, nyumba ikaungua Ijumaa. Uzito wa ushahidi wa namna hiyo umejadiliwa kwa karne nyingi, na mfano uliotumiwa na mmoja wa wajadili wakubwa ulikuwa moto wenyewe. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Tahafut al-Falasifa juu ya pamba inayoguswa na moto. Kinachoonekana kwa macho, alisema, ni pamba kuungua pamoja na mguso wa moto. Kwamba imeungua kwa mguso huo, jicho halijaona. Kwake mtendaji wa kweli ni Mungu, na mfuatano ambao watu wameuzoea ni desturi aliyoiweka. Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwamba anayekana sababu anaikana elimu yote, kwa kuwa kukijua kitu ni kujua kilivyosababishwa. Karne kadhaa baadaye Mskoti David Hume alifikia hoja iliyo karibu na ya al-Ghazali bila kumtaja Mungu: mtu huona jambo likifuata jambo mara nyingi, na mazoea ya akili hufanya yaliyobaki.

Mjadala huo una faida hata kwa asiyeufuata hadi mwisho. Unafundisha kwamba mfuatano mmoja ni kitu chepesi mno. Hesabu ya kubuni inaweza kulionyesha hilo. Chukua mji wenye nyumba 100,000, ambamo nyumba 10 huungua kila mwezi kwa sababu za kila aina. Kampuni ikabadilisha mita za nyumba zote, nyumba 10,000 kila mwezi, kwa miezi 10. Hata kama mita hizo hazina kosa lolote, kwa wastani nyumba 10 zitaungua ndani ya siku 30 baada ya kupata mita mpya. Kila moja ya familia hizo 10 itakuwa na kisa cha kweli cha kusimulia, chenye tarehe na mashahidi. Visa hivyo vikiwekwa pamoja vitaonekana kama ushahidi usiopingika, ilhali havithibitishi neno. Kinachothibitisha ni ulinganisho: je, nyumba zenye mita mpya zinaungua mara nyingi kuliko zile ambazo bado hazijabadilishiwa? Bila hesabu ya upande wa pili, wingi wa visa ni wingi wa huzuni tu.

Lakini hesabu hiyo haimpi mtu ruhusa ya kupuuza wakati. Fundi anayebadilisha mita huzivuta nyaya za zamani, hukunja plastiki iliyokwisha kukauka, hukaza skrubu vizuri au vibaya. Inawezekana kabisa mita ikawa nzima na kazi ya kuifunga ikawa mbovu. Katika hali hiyo majirani wamekosea kifaa, lakini hawajakosea siku.

Chanzo na masharti yake

Mwaka 1965 mwanafalsafa J. L. Mackie alichapisha makala kuhusu sababu na masharti, na mfano wake mkuu ulikuwa nyumba iliyoshika moto, ambapo wataalamu wamehitimisha kuwa chanzo ni shoti ya umeme. Mackie aliuliza maana ya hitimisho hilo. Shoti peke yake haitoshi kuunguza nyumba. Pasipokuwa na kitu cha kushika moto karibu, cheche hufa. Wala moto hauhitaji lazima shoti. Mshumaa ungeweza kufanya kazi ile ile. Jibu lake lilikuwa kwamba kinachoitwa chanzo ni sehemu ya fungu la masharti: sehemu hiyo haitoshi peke yake, lakini bila hiyo fungu hilo lisingetimia, na fungu zima linatosha kuleta moto, ingawa mafungu mengine nayo yangeweza kuuleta. Hart na Honoré, wataalamu wa sheria, walikuwa wamekwisha kuonyesha mwaka 1959 kwamba katika masharti mengi watu huchagua moja na kuliita chanzo kwa sababu ni jambo lisilo la kawaida, au ni tendo la mtu. Hewa ya oksijeni ipo katika kila moto, na hakuna anayeishtaki.

Maisha ya mtaani yanatoa mfano ambao hata Mackie hakuufikiria. Tokeni inakwisha saa nne usiku. Mama mwenye nyumba anawasha mshumaa, anauweka juu ya kopo, anapitiwa na usingizi, pazia linashika. Au tokeni inakwisha mchana pasi ikiwa imechomekwa, nguo chini yake. Mwenye nyumba anaondoka akiwa ameisahau, na mtoto wa shule anarudi, anaingiza tokeni na kutoka kwenda kucheza. Katika visa vyote viwili mita imo ndani ya fungu la masharti. Isingekata, moto usingetokea siku ile. Lakini hakuna cheche iliyotoka kwake, na mita iliyokuwa ikifanya kazi yake sawasawa haiwezi kuitwa mbovu. Je, ni chanzo? Kwa maana ya Mackie, ni sharti mojawapo. Kwa maana ya mahakama, sivyo. Kwa maana ya siasa ya bei ya umeme na umaskini wa mpangaji, swali halijafungwa.

Kwa njia hiyo dhana ya mtaani inaweza kuwa na ukweli usio ule inaoudai. Mtu anaposema mita zinatuunguza, huenda anakosea kuhusu skrubu, na kugusa jambo la kweli kuhusu giza.

Kwa nini sisi

Swali la pili halijibiwi kwa ampea. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard aliishi na Wazande wa kusini mwa Sudan ya wakati huo na kuandika juu yao mwaka 1937. Alimtaja mtu aliyeingia usiku katika kibanda chake cha pombe akiwa na nyasi zilizowashwa, ili aione pombe yake. Cheche ikaruka kwenye paa, kibanda na pombe vikateketea. Mtu yule hakukana kuwa moto huunguza nyasi. Alichosema ni kwamba aliingia kwa moto wa namna hiyo mamia ya usiku bila balaa. Usiku huu una nini? Akajibu kwamba ni uchawi. Wazande hawakuwa wameshindwa kuelewa moto. Walikuwa wakiuliza jambo ambalo elimu ya moto hailijibu: kukutana kwa cheche hii, paa hili na mtu huyu. Mkenya John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alieleza pia kwamba katika jamii nyingi za bara hili msiba hauchukuliwi kuwa bahati mbaya tupu. Huwa kuna aliyeusababisha.

Mita janja imechukua nafasi iliyokuwa ya mchawi katika baadhi ya masimulizi: haionekani inachofanya, huamriwa kutoka mbali, na ina bwana mwenye faida yake. Kusema hivyo si kumdhihaki anayeishuku. Mchawi hakuwahi kuwa na skrubu za kukaguliwa; mita inazo, na hapo ndipo dhana hii inapoizidi ile ya kale kwa heshima. Inaweza kupimwa, ikakubaliwa au kukataliwa.

Dini zinazofuatwa Thika na Ruiru nazo zimelikabili swali hilo. Katika kitabu cha Ayubu moto unaanguka kutoka mbinguni na kuteketeza kondoo na watumishi. Marafiki wa Ayubu wanatafuta chanzo katika dhambi zake, na mwishoni Mungu anawakemea wao. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Yesu anataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na anakataa wazo kwamba walikuwa waovu kuliko wenzao wa Yerusalemu. Mafundisho yote mawili yanavunja kiungo kimoja: kati ya msiba wa mtu na hatia ya mtu huyo. Hayavunji kiungo kati ya mnara na mwashi wake.

Hapo ndipo usemi kwamba kazi ya Mungu haina makosa unapohitaji uangalifu. Kando ya kaburi ni faraja, na hakuna mwenye haki ya kumnyang'anya mfiwa. Katika ripoti ya uchunguzi ni mlango wa kutorokea. Hata mtu anayeamini pamoja na al-Ghazali kwamba kila tendo ni la Mungu bado anakubali kuwa Mungu ameweka desturi, na kwamba aliyeacha skrubu ikiwa imelegea aliijua desturi hiyo.

Haki ya kushuku

Je, kushuku ni kosa? Surat al-Hujurat inaonya juu ya dhana katika aya ya 12, lakini onyo lake lina kipimo: baadhi ya dhana ndizo zilizo dhambi, si zote. Aya ya 6 ya sura hiyo inaamuru habari ichunguzwe kabla watu hawajadhuriwa kwa ujinga. Zikisomwa pamoja, aya hizo zinaonyesha kuwa dhana si mwisho wa safari. Ni deni la kuchunguza.

Wakenya wana sababu za kushuku. Mwaka 2018 wakili Apollo Mboya alikwenda mahakamani kupinga bili za stima zilizorundikiwa wateja kwa matumizi ya nyuma, na wateja wengi waliona kesi hiyo inasema walichokuwa wakinung'unika majumbani. Soko la Gikomba jijini Nairobi limeungua mara kwa mara, na moto wa Juni 2018 uliua watu 15. Kila mara wafanyabiashara wameuliza nani anaitaka ardhi ile. Mahali ambapo taarifa hazitolewi, mtu mwenye akili hushuku. Lakini anayeshuku huenda asisikilizwe, na mwanafalsafa Miranda Fricker ameiita hali ya namna hiyo dhuluma katika ujuzi: neno la mtu kupunguziwa uzito kwa sababu ya hali yake. Mpangaji wa chumba cha mabati akisema alisikia mlio kwenye mita siku mbili kabla ya moto, neno lake ni ushahidi. Halithibitishi kitu peke yake, na halistahili kutupwa.

Tatizo ni kwamba ushahidi wa moto ni mwepesi kupotea na mgumu kusomeka. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, joto ambalo moto wa kawaida wa nyumba mara nyingi haulifikii kila mahali. Kwa hiyo kitone cha shaba kwenye ncha ya waya huonyesha kuwa hapo palipita cheche kali ya umeme. Lakini moto ulioanzishwa na mshumaa huyeyusha plastiki ya nyaya, nyaya hugusana, na kitone kile kile hujitokeza. Shoti inaweza kuwa mama wa moto au mtoto wake. Kuwatofautisha kunahitaji eneo lisilovurugwa: mita ilipokuwa, swichi kuu ilivyokuwa, kila waya mahali pake. Siku ya pili vijana wameokota vyuma, mwenye ploti ameanza kujenga upya, na mita imeondolewa. Kuanzia hapo kila upande unabaki na imani yake.

Nani abebe mzigo

Swali la tatu ni la sheria na uadilifu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezipa kaunti kazi ya kuzima moto, kwa hiyo Thika na Ruiru ziko chini ya Kaunti ya Kiambu kwa jambo hilo. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na ya kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Kifungu cha 35 kinampa haki ya kupata taarifa. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 imeiweka EPRA kuwa mdhibiti, anayewapa leseni mafundi wa stima na kusikiliza malalamiko, na juu yake kuna baraza maalumu la rufaa la kawi na petroli. Sheria hiyo hiyo inamkataza mteja kuchezea mita.

Katazo hilo la mwisho ni la haki, kwa kuwa mita iliyochezewa huiba na huua. Lakini lina matokeo yake kiadili. Mtu aliyekatazwa kufungua sanduku hawezi kutakiwa athibitishe kilichomo. Mwenye lakiri ndiye mwenye uwezo wa kujua, na uwezo wa kujua peke yake huja na wajibu wa kusema. Kampuni inayoiondoa mita iliyoungua bila shahidi, kisha ikatangaza kuwa haikuwa na kasoro, huenda imesema kweli. Haijatoa sababu ya kuaminiwa. Vivyo hivyo mwenye ploti aliyefunga nyaya kwa fundi asiye na leseni, kisha akanyoosha kidole kwenye mita, ametumia mpaka kama ukuta wa kujifichia. Mpangaji naye, aliyelipa kodi kwa nyumba ambayo hakuijenga na kununua tokeni kwa mita ambayo haruhusiwi kuigusa, ana uwezo mdogo kuliko wote na hasara kubwa kuliko wote.

Kutokana na hayo uamuzi hauko mbali. Mita janja ni mshukiwa halali katika moto wowote ulioanzia karibu nayo, kama zilivyo soketi, shawa, ekstensheni na mshumaa. Kuitia hatiani kwa tarehe ya kufungwa kwake ni kosa la hoja. Kuiachia huru kwa tamko la mwenye mali ni kosa la aina ile ile. Mita iliyotolewa katika nyumba iliyoungua inapaswa kufunguliwa mbele ya mwenye nyumba, afisa wa zimamoto wa kaunti na fundi asiye wa kampuni, na matokeo yaandikwe. Mpaka hapo jibu la kweli kwa swali la majirani ni kwamba bado haijajulikana, na deni la kulijibu liko kwa yule mwenye ruhusa ya kuvunja lakiri.